Je, kulungu wakiachwa watajipunguza wenyewe?

Wengi tumekua tukiamini kwamba kulungu wa porini wakiachwa bila kuguswa, maumbile yenyewe yataweka idadi yao sawa, kwa hiyo mkakati wa taifa wa kuwasimamia hauna kazi. Ni imani iliyotokana na huruma, nami naiheshimu.

Maumbile hupunguza kweli, lakini tazama namna yake. Mwaka 1944, kulungu 29 wa nchi za baridi (reindeer) walipelekwa Kisiwa cha St. Matthew, Alaska, kusiko na mbwamwitu. Kufikia 1963 walikuwa takriban 6,000, na malisho ya majira ya baridi yalikuwa yamekwisha. Mwaka 1966 walihesabiwa 42 tu. Wengine walikufa kwa njaa, na kwangu hiyo si huruma.

Ndiyo maana mkakati mzuri hauhesabu vichwa tu. Hupima pia hali ya msitu. Tena kulungu hajui mpaka wa shamba, hivyo mwenye ardhi mmoja akipunguza peke yake, wa jirani huingia.

Ukitaka kuhakikisha, ingia msituni uiname. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo chipukizi alilokula huwa na ncha iliyochanika; sungura huacha mkato safi wa mshazari. Kama majani yameisha hadi kimo cha mdomo wake na miche haipo, wamezidi. Palipo na uzio unaowazuia kulungu, linganisha ndani na nje.