Tusilale lagani: dhana potofu kuhusu kulala jangwa la Chalbi

Wiki iliyopita mgeni mwingine aliniuliza, jua likizama na tenti zikiwa bado kwenye gari: "Mbona tusilale hapa chini kwenye laga? Mchanga laini, na upepo haufiki." Laga ni mkondo wa mto wa msimu, mkavu hadi mvua inyeshe. Swali hili sasa nalijibu kabla hatujatoka Marsabit mjini, kaskazini mwa Kenya, na bado kambini hakosi mtu wa kushuka huko na godoro lake.

Watu hudhani kwamba jangwani hakuna mvua, basi hakuna mafuriko. Mvua inayoua watu lagani hainyeshi pale walipolala, hunyesha milimani. Mlima Marsabit unapita mita 1,700, vilima vya Huri viko kaskazini mashariki, na Chalbi yenyewe iko chini ya mita 500. Maji ya kule juu yatashukia wapi kama si huku? Ardhi ni mawe ya volkano na udongo uliochomwa na jua hadi ukawa mgumu. Hainywi maji upesi, na majani ya kuyazuia ni haba. Yote hukimbilia lagani. Utakuwa umelala chali unatazama nyota, wingu huoni hata moja, kumbe maji yako njiani tangu jioni. Yakifika huja na tope na magogo, na hayakupi nafasi ya kutafuta viatu.

Ukipita lagani mchana, tazama migunga ya kando. Vijiti na majani makavu yaliyonasa matawini yaliachwa na maji. Mimi huwasimamisha wageni chini yake wapime na kimo chao. Kisha tunapiga kambi juu, tena mbali na ukingo, kwa kuwa ukingo nao humegeka. Gari pia halilali lagani. Na mzee wa Kigabra anayetuongoza akisema tuhame, tunahama hata kama ugali uko jikoni. Yeye ameshawauliza wachunga ngamia mvua imenyesha wapi, na ameona umeme ukimulika upande wa Huri. Kubishana naye kwa sababu simu inaonyesha anga safi ni kuhatarisha kambi nzima.

Wengine hutarajia Chalbi iwe mchanga mtupu. Matuta yapo karibu na North Horr, ila sehemu kubwa ni sakafu ya ziwa la kale, tambarare yenye chumvi nyeupe. Ikiwa kavu, gari huteleza kama liko kwenye lami. Ikilowa ni tope, na hata forwili huzama. Ndiyo maana mwongozaji huzunguka mbali, hajapotea.

Usiku huwezi kuganda. Hapa ni chini na ikweta iko karibu, kwa hiyo joto hubaki. Kisumbufu ni upepo: acha blanketi la pili nyumbani, leta vigingi virefu.

Na tafadhali msijinyime maji eti yasiishe. Maji yaliyo mtungini hayampozi mtu. Mimi hupakia lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, ya kupikia mbali. Ukiona kiu, kunywa. Cha kubana ni jasho, kwa hiyo kuanzia saa sita hadi saa kumi tunakaa kivulini, hakuna matembezi.