Hitilafu ya nukta elea na kazi ya kerneli

Gawanya 1.0 kwa 0.0 na programu nyingi hazitashtuka: zitapewa jibu la infiniti na kuendelea. Ndivyo kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, kinachoongoza hesabu za nukta elea (namba zenye desimali), kilivyotaka. Kilitaja hitilafu 5, yaani hesabu batili, kugawanya kwa sifuri, jibu kubwa mno, jibu dogo mno na jibu lililokadiriwa, kisha kikaagiza kichakataji kiweke alama tu bila kusimama. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huingia pale programu inapoomba isimamishwe. Kwenye vichakataji vya x86 (kama vya Intel na AMD), hitilafu hiyo hufika ikiwa namba 16 kwa x87, sehemu ya zamani ya hesabu za nukta elea yenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya kichakataji) zake, au namba 19 kwa SSE, sehemu mpya zaidi.

x87 ndiyo yenye mtego. Chipu ya 8087 ya mwaka 1980 ilikaa pembeni mwa kichakataji, ikipiga hesabu huku mwenzake akiendelea na yake, na tabia hiyo imerithiwa hadi leo: kosa hutulia kimya mpaka amri nyingine ya nukta elea ifuate. Kwa hiyo anwani ambayo kerneli inaikuta si ya mkosaji. Anwani ya mkosaji imehifadhiwa ndani ya x87 yenyewe, na huko ndiko pa kuitafuta.

Kujua kosa lenyewe ni suala la rejista mbili. Tuseme biti 6 za chini za rejista ya hali zinasoma 0x24 (0x huashiria namba ya msingi wa 16): kuna kugawanya kwa sifuri, 0x04, na ukadiriaji, 0x20. Rejista ya udhibiti inasoma 0x37B, maana yake kila hitilafu imezibwa, yaani kichakataji hakisimami kwa ajili yake, isipokuwa ya sifuri. Kerneli huondoa zilizozibwa, hubaki na 0x04, kisha huutumia mchakato (programu inayoendeshwa) ishara ya SIGFPE, taarifa ya kosa la hesabu, yenye maelezo hayo.

SSE haicheleweshi, husimama palepale kwenye amri iliyokosea. Hilo nalo lina hatari yake, kwani kishughulikiaji cha programu (sehemu yake inayopokea ishara) kikirudi bila kurekebisha chochote, amri ileile hurudiwa na kukosea tena, bila mwisho.

Kosa likitokea ndani ya kerneli yenyewe, hakuna wa kutumiwa ishara. Kerneli ya Linux hutazama kwanza jedwali lake la marekebisho, orodha ya anwani za amri zinazotarajiwa kuweza kukosea. Anwani isipokuwemo, huchukulia kuwa kerneli imeharibika.

Na jina SIGFPE, ambamo FPE ni kifupi cha "floating-point exception" (hitilafu ya nukta elea), lisikupotoshe: kugawanya namba kamili kwa sifuri, hitilafu namba 0, huleta ishara hiyohiyo ingawa hakuna nukta elea yoyote.