Je, wajua kwa nini chakacha haiwezi kuwa ya rangi ya jivu?

Juzi barazani hapa Mji wa Kale kijana mmoja alitujia na simu, eti kuna kwizi, wachagua rangi na mziki uupendao halafu yakwambia tabia yako. Mjomba akachagua kijani na taarab, mimi nyekundu na bongo fleva, na wallahi majibu yetu yalikaribia kuwa mamoja: "wewe ni mpole lakini ukichokozwa huna mchezo." Sasa nani hayuko hivyo?

Lakini usicheke sana, kuna kitu hapo. Mwaka 2013 kina Stephen Palmer wa chuo cha Berkeley walichukua watu wa Marekani na Meksiko wakawapigia vipande vya Bach, Mozart na Brahms, kila mmoja achague rangi zinazoendana navyo kati ya 37. Mziki wa mbio, wa kuchangamka, ukawapeleka kwa rangi angavu za kimanjano, ule wa polepole wa majonzi ukawatupa kwa rangi za giza, zilizofifia, za buluu, na pande zote mbili wakafanana. Si ati masikio yanaona, ni kwamba katikati kuna moyo, wimbo ukikufurahisha jicho nalo latafuta rangi yenye furaha ile ile. Hebu waza chakacha harusini, ngoma imekolea, leso zimefungwa viunoni, halafu uniambie ni rangi ya jivu. Haiingii.

Na mziki na tabia? Wanasaikolojia Rentfrow na Gosling mwaka 2003 waliona wapenzi wa jazi na klasiki mara nyingi ni watu wa kupenda mambo mapya, wa rap na densi ni wachangamfu, ila uhusiano wenyewe ni mdogo, si wa kumpimia mchumba.

Ya kupimwa tabia kwa rangi tupu, kama zile kadi za rangi za Mswisi Max Lüscher za 1947, hapo mimi nashuka. Maana mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake majibu ya tabia, kila mtu akidhani ni yake pekee kumbe wote wamepewa karatasi moja, maneno mengi kayatoa kwa kitabu cha nyota! Wakampa wastani wa 4.26 juu ya 5 kwa usahihi.

Nikamweleza Mjomba yote haya, akanywa kahawa yake taratibu, akasema, "Sawa, lakini yangu mimi ilikuwa kweli."