Je, wajua kwa nini maelekezo yako humpoteza mgeni?

"Ukishuka kituoni, njoo na ile njia ya vumbi. Ukifika kwa Mangi kata kulia, utaona geti jeusi."

Hivyo ndivyo nilivyomwelekeza mama mdogo kwa simu, siku alipokuja kwangu Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Niliona nimemaliza kila kitu. Baada ya robo saa akapiga: "Mwanangu, Mangi yupi? Hapa nawaona wawili. Na mageti meusi yamejaa." Alikuwa amesimama juani na kikapu chake, na mimi ndiye niliyemsimamisha pale.

Mwaka 1990, Elizabeth Newton, akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwataka watu wagonge mezani mapigo ya nyimbo zinazojulikana, bila kuimba, wenzao wazitambue. Wagongaji walikadiria kwamba nusu zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3 tu.

Jaribu nyumbani. Gonga wimbo wa taifa mezani: wewe utausikia wote kichwani, maneno na ala zake. Aliyekaa mbele yako anasikia ngo, ngo, ngo.

Mwaka mmoja kabla, wachumi Colin Camerer, George Loewenstein na Martin Weber walikuwa wameshaipa hali hii jina: laana ya ujuzi. Ukishakijua kitu, ni vigumu mno kujiweka tena mahali pa asiyekijua. Maneno yangu kwa mama mdogo yalikuwa machache kweli, ila niliyoyaacha ndiyo aliyoyahitaji. Ufupi wa namna hiyo unamtesa mtu.

Safari hii nilianza na yeye. "Mama, mbele yako unaona nini?"

"Msikiti, mnara wa kijani."

"Upite, uuache mkono wa kushoto, kisha uhesabu mageti. La tatu lina mpapai. Hebu nirudie."

"Msikiti kushoto, geti la tatu, mpapai."

Huko kurudia si kumdharau mtu mzima. Marubani nao humrudia mwongozaji wa ndege namba za kimo na njia ya kurukia alizowapa, ili kama kuna kosa lisikike mapema.

Dakika tano hazikupita, nikasikia hodi.