Maana ya msamiati wa juu katika uandishi wa Kiingereza kuhusu mafanikio kazini

Msamiati wa juu wa Kiingereza ni uwezo wa kuchagua neno linalobeba maana iliyokusudiwa bila kupungua wala kuzidi, kuliweka pamoja na maneno ambayo kwa kawaida huandamana nalo, na kulitumia kwa namna inayomfaa msomaji husika. Watu wengi wanaojiandaa kwa mitihani au wanaoandika barua za kuomba kazi huielewa dhana hii vinginevyo. Hudhani kwamba msamiati wa juu ni orodha ya maneno magumu ya kukariri, na kwamba kadiri neno linavyokuwa geni ndivyo linavyompandisha mwandishi daraja. Hapa dhana hiyo itaelezwa kupitia mada moja, yaani mafanikio kazini, kwa kuwa ni mada ambayo mtu hukutana nayo katika insha za mitihani, katika usaili na katika barua rasmi, na ni mada ambayo mazoea ya kukariri huiharibu sana.

Kipimo kilicho wazi zaidi cha jambo hili kinapatikana katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza unaotoa alama za ngazi hadi 9, unaomilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge. Muuguzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kusajiliwa nchini Uingereza anaweza kuutumia mtihani huu kuthibitisha uwezo wake wa lugha, na tangu Desemba 2018 baraza la wauguzi na wakunga la nchi hiyo linakubali alama 6.5 katika kuandika, huku likidai 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza. Sehemu ya kuandika huchukua dakika 60. Insha ya pili, ambayo ndiyo huuliza maswali ya kijamii kama hili la mafanikio kazini, hutakiwa iwe na maneno yasiyopungua 250, hushauriwa ichukue dakika 40, na ina uzito mara mbili ya zoezi la kwanza la sehemu hiyo. Wasahihishaji huipima kwa vigezo 4 vyenye uzito sawa: namna swali lilivyojibiwa, mpangilio na mshikamano wa hoja, msamiati, na sarufi.

Kigezo cha msamiati kinastahili kusomwa kwa makini na kila mtahiniwa, kwa sababu maelezo yake yako wazi kwa umma. Mtahiniwa wa ngazi ya 6 ni yule anayejaribu kutumia maneno yasiyo ya kawaida lakini kwa makosa kadhaa. Wa ngazi ya 7 huonyesha kwamba anatambua mtindo na maneno yanayoandamana. Wa ngazi ya 8 hutumia msamiati mpana kwa wepesi ili kueleza maana bayana, ingawa huweza kuteleza hapa na pale. Hakuna ngazi inayotoa alama kwa sababu tu neno ni refu au halijulikani na wengi.

Maneno yanayoandamana, ambayo wanaisimu wa Kiingereza huyaita "collocation", ni maneno ambayo wazungumzaji wamezoea kuyaweka pamoja. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alisisitiza mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wenzake linaofuatana nao. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua dhana hii tangu utotoni hata kama hajawahi kuipa jina. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura na tunapiga mswaki, ingawa hakuna anayepigwa. Tunakata rufaa, tunakata tamaa na tunakata tiketi. Tunatia saini na tunakula kiapo. Mgeni akisema kwamba amefanya rufaa mahakamani tutamwelewa, lakini sikio litakataa, na tutajua papo hapo kwamba bado anajifunza. Msahihishaji wa Kiingereza husikia jambo hilohilo anaposoma "do progress" au "collect experience". Katika mada ya kazi, Kiingereza husema "make progress", "gain experience", "acquire skills", "meet a deadline", "achieve a goal", "take on responsibility", "earn respect", "pursue a career" na "fulfil one's potential". Kila kundi kati ya haya linafaa kujifunzwa likiwa zima, kitenzi na jina lake pamoja, kwa sababu anayejifunza "deadline" peke yake bado hajui cha kufanya nayo.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead alichapisha orodha ya familia 570 za maneno, kila familia ikiwa neno pamoja na vinyambuo vyake, ambayo hutumika sana katika maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza, baada ya kuchambua maandishi yenye maneno yapatayo milioni 3.5. Ndani ya orodha hiyo mna "achieve", "goal", "income", "professional", "promote", "motivate" na hata "job". Haya si maneno ya kutafutwa kwa taa. Mwanafunzi wa sekondari huyajua karibu yote. Kinachomtenganisha mwandishi wa juu na mwanafunzi huyo ni matumizi.

Hapo ndipo neno letu kazi linapotuletea shida ya kipekee, nami naona walimu hawalitilii mkazo wa kutosha. Katika Kiswahili kazi ni ajira, kazi ni shughuli, kazi ni taaluma, na kazi ni jukumu alilopewa mtu asubuhi ya leo. Kiingereza kimeugawa mzigo huo kwa maneno kadhaa. "Job" ni nafasi ya ajira, yenye mwajiri na malipo, nayo huhesabika. "Work" ni shughuli yenyewe, na kwa maana hiyo haihesabiki, hivyo "I have found a work" ni kosa ambalo msahihishaji haliachi lipite. "Career" ni safari nzima ya mtu katika utumishi, tangu ajira ya kwanza hadi kustaafu. "Profession" ni kazi inayodai mafunzo maalumu na mara nyingi usajili, kama uuguzi, uwakili au uhandisi, na "task" ni kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Muuguzi aliyehama kutoka hospitali ya wilaya kwenda hospitali ya rufaa amebadilisha "job" lakini "profession" yake ni ileile.

Tofauti hizi zina faida inayozidi kuepuka makosa, kwa sababu huzaa hoja. Mtu anaweza kufanikiwa katika "job" yake, yaani kutimiza kila anachotakiwa kufanya, huku "career" yake ikiwa imekwama kwa kuwa hajapandishwa cheo kwa miaka mingi. Mwingine anaweza kupanda ngazi haraka ilhali hana "job satisfaction", yaani haridhiki na kazi anayoifanya kila siku. Mwandishi anayezijua tofauti hizi anapoulizwa mafanikio kazini ni nini, tayari ana aya mbili mkononi. Asiyezijua hurudia neno "success" mara kumi na mbili na kubaki alipoanzia.

Vivyo hivyo kwa malipo. "Salary" ni mshahara, aghalabu wa mwezi, usiotegemea idadi ya saa. "Wage" ni ujira wa saa, siku au wiki. Na "remuneration" ni jumla ya anachopata mtumishi, mshahara pamoja na marupurupu. Kuhusu kuondoka kazini, "be dismissed" ni kufukuzwa, na "be made redundant" ni kupunguzwa, hali ambayo katika Kiingereza cha Afrika Mashariki huitwa pia "retrenchment". Anayechanganya kufukuzwa na kupunguzwa katika barua ya kuomba kazi anaweza kujipaka doa ambalo hakustahili.

Familia ya neno "success" lenyewe nayo ina mitego. Kitenzi "succeed" kikimaanisha kufanikiwa hufuatwa na "in" na kitenzi chenye "-ing", kama katika "She succeeded in winning the contract". Wengi wetu huandika "succeeded to win" kwa sababu Kiswahili husema alifanikiwa kupata. "Successful" ni mwenye mafanikio, lakini "successive" ni inayofuatana moja baada ya nyingine, na "succession" katika ofisi humaanisha kurithiana madaraka. Mtego mbaya kuliko yote uko nje ya familia hii. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "-ly" hugeuza kivumishi kuwa kielezi huandika "He works hardly" akikusudia kusema kwamba mtu huyo anafanya kazi kwa bidii. Kiingereza sahihi ni "He works hard". Neno "hardly" humaanisha kwa nadra au karibu hapana kabisa, kwa hiyo mtu aliyekusudiwa kusifiwa ametangazwa kuwa mvivu.

Tuchukue sasa swali la aina inayotungwa mara nyingi: baadhi ya watu huamini kwamba mafanikio kazini hutokana na bidii, na wengine huamini kwamba hutokana na bahati na kujuana, jadili pande zote mbili na utoe maoni yako. Mtahiniwa aliyekariri orodha anaweza kuandika hivi: "In this contemporary epoch, a plethora of individuals toil hardly in order to procure success, hence success is the key of life." Sentensi hii ina maneno matano au sita ambayo mwandishi wake anayaonea fahari, na karibu kila moja limemwangusha. "Epoch" ni zama za kihistoria au za kijiolojia, na hapa haiongezi chochote. "Plethora" hudokeza wingi uliopita kiasi, kana kwamba wafanyakazi ni wengi kupindukia. "Toil" ni kazi ya sulubu. "Hardly" tumekwisha kuieleza. "Procure" ni kupata bidhaa au huduma, hasa kwa taratibu za manunuzi, na yeyote aliyewahi kupeleka zabuni katika kitengo cha manunuzi anajua kwamba mafanikio hayapatikani huko. "Hence" huahidi hitimisho, lakini kinachofuata hakitokani na kilichotangulia, na hata kingetokana, Kiingereza husema "key to" wala si "key of".

Linganisha na sentensi hii: "Employees who work hard and consistently meet their deadlines are more likely to be promoted, because managers can rely on them when a demanding project comes up." Hakuna neno hapa ambalo mhitimu wa sekondari atalitafuta katika kamusi. Hata hivyo "meet their deadlines", "rely on" na "demanding project" ni maneno yanayoandamana kwa kawaida. "Consistently" linafanya kazi yake, kwa kuwa kutimiza muda mara moja hakumfikishi mtu mbali. "Are more likely to" linaiwekea hoja mpaka. Na "because" linaleta sababu ambayo msomaji anaweza kuikubali au kuipinga.

Huko kuiwekea hoja mpaka ni sehemu ya stadi hii inayosahaulika. Insha zetu za shule zilituzoesha kauli za mkato, kwamba bidii ndiyo siri pekee ya mafanikio au kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Kiingereza rasmi hupendelea kauli isiyozidi ushahidi wake, nacho hutumia "tend to", "in many cases", "to a large extent" na "may", kama sisi tunavyotumia aghalabu, huenda, kwa kiasi kikubwa, au kiambishi hu- cha mazoea. Moja kwa kila dai linatosha. Anayeandika "it may perhaps be possible that" ameizungushia hoja yake ua mpaka haionekani.

Upande wa pili wa swali, ule wa kujuana, unadai usahihi zaidi, kwa sababu ni suala linalotuuma na tunaliongelea kwa maneno ya jumla. Mitaani tunasema koneksheni, kisha kwenye karatasi tunaandika "connections" kwa kila hali. Kiingereza kina "nepotism" kwa upendeleo wa ndugu, "favouritism" kwa upendeleo wa mkubwa kwa anayempenda hata kama si ndugu, na "networking" kwa kujenga uhusiano na watu wa taaluma yako, jambo ambalo si ovu na ambalo waajiri hulihimiza. Mwandishi anayeyatenganisha anaweza kusema kwamba mpwa wa meneja aliyeajiriwa bila sifa hakufanikiwa kwa njia ileile na mhasibu aliyesikia kuhusu nafasi kupitia mwenzake wa chuo kisha akashinda usaili. Hiyo ni hoja, na imewezekana kwa sababu ya maneno matatu yaliyochaguliwa vizuri.

Kwa anayetaka kujenga uwezo huu, naona daftari la maneno pweke halisaidii. Afadhali kuandika sentensi nzima zinazopatikana katika tahariri, ripoti za mwaka za mashirika na matangazo ya kazi, kupigia mstari kitenzi na jina linaloandamana nacho, kisha kutunga sentensi yako kuhusu mtu unayemjua kazini. Ndani ya chumba cha mtihani, dakika tano za mwisho zitengwe kwa ajili ya kupitia insha: kutazama kama "work", "progress" na "experience" zimepewa wingi zisioustahili, kama "succeed" imefuatwa na "in", kama kuna "hardly" iliyojipenyeza, na kama kila neno lililowekwa kwa sababu ya mwonekano wake linaweza kubadilishwa na lile ambalo mwandishi ana hakika nalo.