Kitunda Pweke: Kubadilishana Kete Siko Kurahisisha

Kwenye baraza za Mji wa Kale, sataranji (chess) ikichezwa, akitokea tu mtu amebaki na kitunda pweke (kitunda ni ile kete ndogo kabisa), watazamaji huanza: "Mrahisishie, ami! Badilisha zote, ashakwisha huyo!" Nimesikia ushauri huu mara nyingi mno, na vijana wanaojifunza wanaushika kama sheria. Wanapoteza nusu pointi ambazo zilikuwa zao, kwani ushindi ni pointi moja na sare ni nusu.

Kitunda pweke ni kile ambacho safu mbili za jirani hazina kitunda mwenzake. Mara nyingi huwa cha safu ya d (safu wima za ubao huitwa a hadi h na mistari ya mlalo 1 hadi 8, hivyo d4 ni safu ya d, mstari wa 4). Kikishambuliwa, lazima kilindwe na kete kubwa kuliko chenyewe, na adui akitua mbele yake hakuna kitunda cha kumfukuza. Kurahisisha ni kupunguza kete kwa kubadilishana, yaani kila mmoja kula ya mwenzake, ili uingie mwisho wa mchezo unaokufaa. Hizo ndizo maana zenyewe.

Kinachosahaulika ni kwamba kete hazina kazi moja. Mwenye kitunda pweke cha d4 hapati nguvu kutoka kwa kitunda. Anaipata kwa farasi anayetua e5, maaskofu walio huru, na nafasi ya kusukuma d5 kwa ghafla. Kwa hiyo ukimbadilishia farasi na maaskofu, umemnyang'anya alichokuwa nacho. Hapo kurahisisha kuna maana.

Ngome ni habari nyingine kabisa. Safu ya d iko wazi upande wako, na ngome zako ndizo zinazokikodolea macho kitunda kile huku zake zikiganda nyuma kukilinda. Ukibadilisha jozi zote mbili, ni nani atakayekishambulia? Malkia naye akibaki, mfalme wa adui hathubutu kutoka kwenda kusaidia ulinzi. Mwaka 1981 huko Merano, Italia, katika mchezo wa 9 wa kugombea ubingwa wa dunia, bingwa Karpov alifanya hivyo dhidi ya mpinzani wake Korchnoi, aliyekuwa na kitunda pweke: aliondoa kete ndogo, akaacha malkia na ngome, akaikalia safu ya d. Korchnoi alibanwa mpaka akasalimu amri.

Tena udhaifu mmoja mara nyingi hautoshi. Moscow, 1935, mchezaji Flohr alikuwa na farasi mzuri dhidi ya askofu wa Capablanca, bingwa wa zamani wa dunia, askofu aliyezuiwa na kitunda pweke cha Capablanca mwenyewe cha d5. Kwa macho, Flohr ndiye bora. Capablanca alijilinda kwa utulivu, wakatoka sare. Ili ushinde, inabidi ufungue kidonda cha pili upande mwingine wa ubao, ili mlinzi asiweze kuwa pote kwa wakati mmoja.

Na wale wanaokimbilia kubaki na wafalme na vitunda tupu, wapange ubao huu: mfalme mweupe d4, mweusi d6, kitunda cheusi cha d5 katikati yao, na cheupe e3. Ikiwa ni zamu ya mweusi naye hana kitunda kingine cha kusogeza, hana budi kumwondoa mfalme. Akienda c6, mweupe anaingia e5. Akienda e6, mweupe anaingia c5. Lakini ikiwa mweupe ndiye aliyeishiwa na hatua za akiba (za vitunda vingine, zisizomlazimu kumsogeza mfalme), yeye ndiye atakayerudi nyuma, na ushindi unaweza kuyeyuka. Mchezo mzima unaning'inia kwenye hatua moja ya kitunda cha a au cha h, ambayo pengine ilichezwa ovyo dakika kumi nyuma.

Basi wazee wetu na vijana wa barazani, badala ya "badilisha zote", tumwambie mchezaji: "Toa farasi na maaskofu, ngome ziache kwanza." Na kabla hajaiachia ile ngome ya mwisho, ahesabu hatua zilizobaki kwa vitunda vyake na vya mwenzake.