Speyside Way: kwa nini unatembea Uskoti bila kupanda mlima

Watu wakiona picha zangu za Speyside Way, ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu kule Uskoti, swali ni lile lile, Uskoti si milima mitupu, wewe na kitambi chako ulipandaje? Sikupanda jamani. Mi ni mtu wa reli, miaka nimehangaika na mataruma na kokoto kwenye reli ya kati kule nyumbani, kwa hiyo wenzangu wakiona mto na miti mimi naona tuta la reli.

Njia nzima ni kama kilomita 137, toka Buckie kule baharini mpaka Newtonmore, unaufuata mto Spey kuelekea kwenye chanzo chake. Naongelea kipande kimoja tu, Craigellachie mpaka Ballindalloch, kama kilomita 19, maana hapo unatembea juu ya reli yenyewe. Ilifunguliwa 1863, abiria wakaondolewa 1965, mizigo ikafuata kuanzia 1968, vyuma vikang'olewa, tuta likabaki.

Sasa, gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, ndo uzuri wake na ndo ubaya wake, injini inavuta mzigo mkubwa ajabu kwenye tambarare ila ukiipa mwinuko wa mita moja kwa kila mita hamsini inaanza kuhema. Kwa hiyo mafundi wa enzi hizo waling'ang'ania ukingo wa mto, palipobonyea wakajaza, kilima kilipochomoza wakakikata, na leo we unapita hapo na begi mgongoni unajiona una pumzi kumbe umebebwa.

Na mitaro! Nilifika mvua imenyesha siku mbili, majani pembeni yamelowa chapachapa lakini njia kavu. Adui wa tuta si treni, ni maji, kila mtu wa reli anajua hilo, ndo maana walichimba mitaro na kuweka makalvati yale ya kupitisha maji chini ya tuta.

Kilichoilisha reli hii ni wiski. Shayiri na makaa vinaingia, mapipa yanatoka. Kiwanda cha Cragganmore kilijengwa 1869 pale Ballindalloch makusudi kiwe jirani na reli. Mi pombe sinywi, ila ile harufu ya shayiri iliyochemshwa ukipita kiwanda cha Dailuaine inakutamanisha uji.

Kabla hujaanza, pale Craigellachie kaangalie daraja la chuma la Thomas Telford, 1814, tao moja la mita kama 45 bila nguzo hata moja mtoni. Mafuriko makubwa ya 1829 yalibomoa madaraja mengi maeneo yale, hili likabaki, maana maji hayakukuta nguzo ya kugonga katikati.

Halafu majina, Blacksboat, na huko mbele Boat of Garten, nilidhani kuna bandari kumbe zamani watu walivushwa hapo kwa boti, yaani ni Kivukoni yao tu. Stesheni ya Blacksboat bado ipo na platifomu yake, nimekaa hapo nikala chapati zangu za jana huku vile vidudu vyao vidogo, mbu wetu ana heshima kuliko hivyo, vinanila mimi.

Onyo moja ambalo hawakwambii, tambarare inachosha. Mlimani mguu unabadilisha kazi, hapa unakanyaga vile vile masaa matano, na mi nilivaa buti jipya kwa ubishi wangu, kufika Carron kisigino kimeshatoka lengelenge. Vaa kiatu kilichozeeka.

Ballindalloch unavuka mto kwenye daraja la reli la 1863, vyuma vimesukwa kama chekeche, nikasimama katikati nikapapasa ribiti moja moja, ile misumari minene inayoshikanisha vyuma, kama bado nipo kazini. Mbele kidogo njia inaiacha reli, inapanda kati ya fensi za mashamba kuelekea Cromdale, na hazikupita dakika kumi nilikuwa nimekaa chini nahema kama ile injini.